Anzia Kwenye Runinga: Kurekodi Kioo cha Kompyuta kwa Ajili ya Darasa

Kompyuta ikiwa moja na wanafunzi arobaini, somo la Excel hugeuka kuwa somo la kutazama migongo ya wenzako. Walio mbele huona, walio nyuma husikia tu. Runinga iliyopo ukutani inaweza kuondoa shida hiyo. Unarekodi hatua zote kwenye kioo cha kompyuta yako ukiwa umetulia, unaweka faili kwenye flashi, unachomeka flashi kwenye runinga, na darasa zima linaona jambo lilelile kwa wakati mmoja. Kesho mkondo mwingine unaonyeshwa somo hilohilo, nawe unabaki huru kupita kati ya madawati.

Wengi wanaotaka kufanya hivi huanza kwa kuuliza ni programu gani ya kurekodi iliyo nzuri. Nakuomba uanzie upande wa pili. Programu za kurekodi ni nyingi, na karibu zote zinatosha. Runinga ndiyo yenye masharti. Haisomi kila flashi wala haichezi kila faili, na hutazamwa kutoka mbali na watu wasioweza kukuza maandishi. Ukiyajua masharti hayo kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, kazi inakuwa nyepesi. Usipoyajua, unaweza kurekodi saa mbili za somo zuri lisiloonekana na mtu.

Ijue runinga yako

Nenda darasani uikague runinga, nyuma na ubavuni. Tafuta tundu la USB. Likiwa limeandikwa "Service", hilo ni la mafundi na huenda lisicheze video kabisa. Baadhi ya runinga bapa za zamani zina tundu zuri la USB, lakini hucheza picha za mnato na muziki tu. Hapo angalia king'amuzi kilichounganishwa nayo, kwani vipo vinavyocheza video kutoka kwenye flashi. Ukitumia king'amuzi, masharti ya kufuata ni ya king'amuzi, si ya runinga.

Flashi yenyewe ifomati kwa mfumo wa FAT32, ambao ndio unaosomwa na runinga nyingi zaidi. NTFS na exFAT husomwa na baadhi tu. FAT32 ina kikomo kimoja cha kukumbuka: faili moja haliwezi kufika GB 4. Kwa kawaida pia Windows haikupi chaguo la FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32, kwa hiyo kwa kazi hii flashi ndogo ya GB 8 au 16 inafaa kuliko kubwa. Kufomati hufuta kila kitu, basi hamisha kwanza vilivyomo. Usipeleke diski kubwa ya nje ukidhani ni sawa na flashi: tundu la USB 2.0 hutoa umeme wa nusu ampea tu, na diski inayozunguka inaweza kushindwa kuwaka.

Sasa fanya jaribio ambalo litakuokolea siku nzima. Rekodi dakika moja ya chochote, itoe kwa namna mbili tatu, zipe majina yanayojieleza, kisha uzipeleke kwenye runinga hiyohiyo utakayoitumia. Usiridhike na runinga ya nyumbani kwako hata kama ni ya kampuni ileile. Matoleo hutofautiana mno.

Runinga ikikuambia kuwa haiwezi kucheza faili, usiharakishe kulaumu MP4. MP4 ni kasha tu. Ndani yake kuna picha iliyobanwa kwa kodeki moja na sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine, na humo ndimo tatizo huwa. Kodeki ya picha unayoitaka ni H.264. Kiwango chake kilitoka mwaka 2003, na karibu kila runinga inayocheza video kwa USB inakifahamu. H.265 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 hutoa mafaili madogo zaidi, lakini runinga za umri mkubwa kidogo hazizijui. Dalili zitakuongoza: ukisikia sauti na kioo kikabaki cheusi, kodeki ya picha ndiyo haikubaliki. Ukiona picha bila sauti, kasoro iko kwenye kodeki ya sauti. Anza na AAC, na ikigoma jaribu MP3 au AC3.

Herufi zionekane kutoka dawati la mwisho

Hapa ndipo masomo mengi ya namna hii huharibika, na ndipo naomba utumie muda mwingi kuliko penginepo pote.

Chukua kompyuta ya mpakato yenye kioo cha inchi 15.6 chenye nukta 1920 kwa 1080, na runinga ya inchi 32. Herufi kubwa ya fonti ya pointi 12 huwa na urefu wa milimita 2 hivi kwenye kompyuta hiyo, nawe unaitazama ukiwa umbali wa nusu mita. Picha hiyohiyo ikijaa kwenye runinga, herufi inakua na kufika milimita 4 hivi. Lakini mwanafunzi wa dawati la mwisho yuko mita 5 kutoka kwenye runinga, mara kumi ya umbali wako. Ili aisome kwa wepesi kama unavyoisoma wewe, herufi hiyo ingepaswa kuwa na urefu wa sentimita 2. Tuna milimita 4. Imepungua mara tano.

Kuziba pengo hilo ni kazi ya hatua mbili. Kwanza, kabla ya kurekodi, punguza nukta za kioo cha kompyuta hadi 1280 kwa 720 kwenye mipangilio ya onyesho. Kila kitu kitakuwa kikubwa mara moja na nusu. Kwenye kioo chako picha itaonekana imefifia kidogo. Hilo lisikusumbue, kwa sababu kinachorekodiwa ni nukta zenyewe, zikiwa safi. Umbo la 1280 kwa 720 lina uwiano wa 16 kwa 9 sawa na runinga, wakati kompyuta nyingi za bei nafuu zenye nukta 1366 kwa 768 zinaukosa kwa nywele. Hatua ya pili, kuza ukurasa ndani ya programu unayofundishia. Ukikuza Excel hadi asilimia 200 unafika mara tatu ya ukubwa wa mwanzo, yaani herufi ya sentimita 1.2 kwenye runinga ile. Hiyo inasomeka vizuri kutoka mita 3, na kwa mwenye macho mazuri inasomeka hata kutoka mita 5, ila kwa kuchoka. Asilimia 300 inakufikisha mara nne na nusu, karibu kabisa na lengo.

Kwa ukubwa huo, ukificha utepe wa Excel kwa Ctrl+F1, unabaki na nafasi ya safu wima sita na safu mlalo saba hivi. Yachukue hayo kama kipimo cha somo lako. Jedwali la wanafunzi watano na masomo matatu linatosha kabisa kufundisha wastani, na linafundisha vizuri kuliko jedwali la watu sitini. Majina na alama viwe vya kubuni. Video iliyokwisha kuingia kwenye flashi husafiri hadi usikokujua, na taarifa za wanafunzi zinalindwa na sheria, Kenya kwa ile ya mwaka 2019 na Tanzania kwa ile ya mwaka 2022.

Kuna jambo la rangi ambalo wengi hawalijui. Video ya kawaida ya H.264 huhifadhi mwanga na kivuli kwa ukamilifu, lakini rangi huihifadhi kwa nusu ya vipimo, kwa upana na kwa urefu. Jicho halioni tofauti katika picha ya watu au mandhari. Katika maandishi linaiona: herufi nyembamba nyekundu juu ya samawati hutoka zimevujiana. Andika kwa nyeusi juu ya nyeupe, au nyeupe juu ya rangi iliyokolea sana, na rangi nyingine uzitumie kupaka mandharinyuma ya seli nzima.

Kishale cha kipanya nacho kikuze, hadi ukubwa utakaoona umepita kiasi. Katika Windows utakipata kwenye mipangilio ya ufikivu. Na kwa kuwa baadhi ya runinga hukata kingo za picha, usiweke jambo la maana pembezoni kabisa. Acha pambizo ya asilimia 5 kila upande.

Kurekodi kwenyewe

Windows 11 inarekodi kioo kwa Snipping Tool iliyomo ndani yake. Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na 5 kwa pamoja. Windows 10 ina Game Bar inayoanza kurekodi kwa kitufe cha Windows pamoja na Alt na R, lakini hiyo hurekodi programu moja tu. Ukihama kwenda kwenye programu nyingine au eneo la kazi, darasa halitaona ulikokwenda.

Kwa somo la darasani ninakushauri utumie OBS Studio. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inakupa mamlaka juu ya kila sharti tulilolitaja. Ukiifungua mara ya kwanza, nenda Settings kisha Video. Vipimo vyote viwili, cha Base na cha Output, viandike 1280x720, na fremu 30 kwa sekunde. Kwenye Output chagua MKV kuwa aina ya faili la kurekodia. Mipangilio ya rangi iache kama ilivyo, kwani ndiyo inayoendana na runinga. Kisha kwenye Sources ongeza Display Capture, inayorekodi kioo kizima. Ikikuletea weusi kwenye kompyuta ya mpakato, huenda kompyuta hiyo ina chipu mbili za picha na OBS imeshika isiyohusika. Kwenye mipangilio ya Windows ya onyesho, sehemu ya Graphics, iweke OBS itumie chipu ya kuokoa umeme.

Kwa nini MKV, ilhali runinga inataka MP4? Kwa sababu ya umeme. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa fahirisi yake mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika katikati na betri ikawa imechoka, unabaki na faili kubwa lisilofunguka. MKV iliyokatika hucheza mpaka pale ilipokatikia. Ukimaliza kurekodi, fungua menyu ya File ndani ya OBS, chagua Remux Recordings, nayo itahamisha kila kitu kwenda kwenye kasha la MP4 kwa sekunde chache bila kupunguza ubora. Mimi nasimamia desturi hii hata pale umeme ulipo wa uhakika.

Kabla ya kuanza zima arifa zote. Ujumbe wa WhatsApp unaoibuka kwenye kona utaonwa na darasa zima kwa herufi kubwa. Funga vichupo vya kivinjari visivyohusika na usafishe eneo la kazi.

Unaporekodi, kumbuka kuwa mtazamaji haoni mikono yako. Ukibonyeza Ctrl na C, sema. Ukibofya, taja jina la unachokibofya na mahali kilipo: "juu kushoto, neno File". Sogeza kishale polepole, kifike, kitulie, ndipo ubofye. Baada ya kila hatua nyamaza kwa sekunde mbili tatu, ili mwalimu mwenye rimoti apate pa kusimamisha bila kukata neno. Kuna programu ndogo ya bure ya Microsoft iitwayo ZoomIt inayosaidia sana: Ctrl na 1 hukuza sehemu ya kioo, Ctrl na 2 hukuwezesha kuchora mstari au mduara juu ya kitu. Nisingefundisha fomula ya Excel kwa runinga bila hiyo.

Sauti

Spika za runinga bapa ni ndogo, na nyingi zinaelekea chini au ukutani. Sauti iliyo safi kwenye vipokea sauti vya masikioni inaweza kufika dawati la mwisho ikiwa mnong'ono. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia, godoro au nguo nyingi, mbali na bati linalopigwa na mvua. Maikrofoni iwe kama shibiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo ili pumzi isiipige. Hata ile ya bei ndogo ya kubana kwenye shati inashinda iliyomo ndani ya kompyuta, kwa sababu ya ndani husikia feni na kibodi kuliko wewe. Ukiongea, mizani ya sauti ya OBS iingie kwenye njano bila kugusa nyekundu. Feni ikisikika, bofya kulia kwenye maikrofoni, fungua Filters, ongeza Noise Suppression.

Sema polepole kuliko unavyosema ana kwa ana. Darasa lenye sakafu ya saruji na kuta tupu lina mwangwi, na maneno yanayofukuzana humezana.

Faili la mwisho

Mara nyingi MP4 iliyotoka kwenye Remux inacheza bila taabu. Isipocheza, au kama umerekodi kwa simu au Game Bar, ipitishe kwenye programu ya kugeuza video iitwayo HandBrake, nayo ni ya bure. Chagua mpangilio uitwao Fast 720p30, hakikisha kodeki ni H.264, kisha ubadilishe jambo moja: penye Peak Framerate weka Constant Framerate. Rekodi nyingi za kioo hubadilisha idadi ya fremu kila picha inapotulia, na runinga inayotarajia mwendo mmoja huanza kutenganisha sauti na picha. Katika dakika ya kwanza huoni kitu, lakini kufikia dakika ya nane mwalimu anataja kitufe ambacho kimeshabofywa. Mwendo ukiwa thabiti, tatizo hilo huisha.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni rahisi: kila megabiti moja kwa sekunde ni MB 7.5 kwa dakika. Kioo cha somo hutulia muda mwingi, kwa hiyo megabiti 2 kwa sekunde zinatosha kwa 1280 kwa 720. Hiyo ni MB 150 kwa dakika kumi. Flashi ya GB 8 itabeba karibu saa tisa za masomo.

Lakini usitengeneze faili la saa nzima. Kutafuta dakika ya 37 kwa rimoti ni mateso, na umeme ukikatika baadhi ya runinga huanza upya. Kata somo vipande vya dakika nane hadi kumi, kila kimoja kikiwa na jambo moja. Majina yaanze na tarakimu mbili, 01, 02 mpaka 10, kwa sababu runinga nyingi hupanga kwa herufi na zitaweka 10 kabla ya 2. Majina yawe mafupi, yasiyo na alama za ajabu.

Kama runinga ni ya chogo

Bado zipo, na zinafanya kazi. Hizi huhitaji deki ya DVD iliyounganishwa kwa waya za nyekundu, nyeupe na njano. Nyingi za deki zenye tundu la USB hazijui H.264, zinataka AVI ya Xvid yenye sauti ya MP3. Rekodi kwa 1024x768, kwa kuwa umbo la runinga hizi ni 4 kwa 3, kisha mwenye FFmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za maandishi, aandike:

ffmpeg -i somo01.mkv -vf scale=640:480 -r 25 -c:v mpeg4 -vtag xvid -q:v 4 -c:a libmp3lame -b:a 128k somo01.avi

Herufi zikuze kupita kiasi cha mwanzo, na pambizo iwe asilimia 10, maana runinga za chogo hukata kingo kweli.

Siku ya kuonyesha

Fika mapema. Fungua mipangilio ya picha ya runinga, ondoa hali ya rangi kali ya dukani, uweke ya filamu au ya kompyuta. Punguza Sharpness karibu na sifuri. Runinga ikizidisha ukali, kila herufi huota ukingo mweupe na usomaji huwa mgumu. Kingo zikikatwa, tafuta chaguo la ukubwa wa picha liitwalo Screen Fit au Just Scan. Funga dirisha linaloakisi kwenye kioo, au ugeuze runinga. Kaa kwenye dawati la mwisho usome seli ya kwanza kwa sauti. Usipoweza, sogeza madawati.

Flashi ya runinga iwe na kazi hiyo tu. Flashi inayozunguka kwenye kompyuta za kila mtu huokota virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato bandia. Runinga haitadhurika, ila itakuonyesha folda tupu mbele ya darasa. MKV za asili zitunze kwenye kompyuta na kwenye diski nyingine, pamoja na faili la Excel ulilofundishia. Toleo la programu litakapobadilika na vitufe kuhama, utarekodi upya kipande kimoja cha dakika nane na kukipa jina la kile cha zamani.